MAMA, BWANA YAKO ANACHUNGWA
Somo kwa wamama wa kliniki: kanseri ya prostati na mashini ya IRM

Mama,

Unapofika hapa na mtoto mgongoni, muuguzi anamweka mtoto kwenye kilo, anatia alama kwenye fishi, kisha anakurudishia fishi yako. Alama moja peke yake haisemi mambo mengi. Mtoto wa kilo saba anaweza kuwa mzima, na mwingine wa kilo saba anaweza kuwa mgonjwa. Kinachosema ni njia yenyewe: alama ya mwezi huu, ya mwezi uliopita na ya mwezi ule mwingine, tukiziunganisha, je, zinapanda, zimelala, ao zinashuka? Ndiyo sababu tunakugombeza ukisahau fishi nyumbani. Shika jambo hili, maana somo la leo ni la baba, si la mtoto, lakini litarudi kwenye fishi.

Utauliza: juu ya nini wamama wafundishwe ugonjwa wa wanaume? Jibu ni jepesi. Wanaume hawakai kwenye benchi letu. Na kule nyumbani, karatasi za labo zinawekwa na nani? Ni wewe. Anayejua baba ameamka usiku mara ngapi kwenda kukojoa ni nani? Ni wewe.

Tuseme kuna mama mmoja wa Kadutu. Bwana yake ana miaka 62. Alipimwa damu, wakachukua vipande vidogo vya nyama ya prostati, kisha munganga akawaita wote wawili, akasema: "Baba ana kanseri. Lakini hatutamupasua sasa. Tutamuchunga." Wakarudi nyumbani. Ndugu ya baba akasema: "Bamemukatala juu hatuna falanga." Shangazi akasema wauze parseli upesi, watafute pahali pa kumpasua. Jirani akasema ampeleke kwenye chumba cha maombi, wasirudi tena hospitali. Na baba mwenyewe? Yeye akasema: "Kama banakatala kunipasula, basi sina kitu." Akatupa karatasi ndani ya sanduku, akarudi kazini.

Wote wanne wamekosea, na baba ndiye aliyekosea zaidi. Tuangalie kwa nini.

PROSTATI NI NINI

Ni tezi ya wanaume peke yao. Iko chini ya kibofu cha mkojo, mbele ya njia ya choo kikubwa, na njia ya mkojo inapita katikati yake. Kwa kijana ina ukubwa kama wa ndimu ndogo. Kazi yake ni kutengeneza maji yanayobeba mbegu za mwanaume.

Mwanaume akizeeka, prostati hukua. Inabana njia ya mkojo: mkojo unatoka polepole, unakatika-katika, na baba anaamka usiku mara tatu, mara nne. Mara nyingi hiyo siyo kanseri. Ni kukua kwa uzee tu, na iko na dawa zake. Kanseri yenyewe, inapoanza, kwa kawaida haimwambii mtu kitu: hakuna maumivu, hakuna damu. Kwa hiyo usiseme "anakojoa vizuri, basi ni mzima", wala usilie kama amekufa kwa sababu anaamka usiku.

KANSERI YA MBIO NA KANSERI YA POLEPOLE

Watu wa Bukavu wakisikia neno prostati, wazee wanamkumbuka Mobutu. Katika mwezi wa 8 wa mwaka 1996 alipasuliwa Lausanne, Uswisi, juu ya kanseri hii. Alikuwa bado huko Ulaya vita vilipoingia mji wetu mwishoni mwa mwezi wa 10. Tarehe 7 mwezi wa 9, 1997, alikufa Rabat, Maroko, akiwa na miaka 66. Mtu aliyekuwa na uwezo wote wa falanga na ndege, na ugonjwa ukamshinda. Tangu hapo watu wakasema prostati ni kifo.

Lakini kanseri ya prostati haiko ya namna moja. Iko ile ya mbio, inayotoka ndani ya tezi na kuingia kwenye mifupa. Hiyo hatuichungi, tunaitibu. Na iko ile ya polepole, inayoweza kukaa miaka kumi, kumi na tano, hata zaidi, bila kumdhuru mtu. Wazee wengi hufa wa uzee ao wa ugonjwa mwingine wakiwa nayo, na hawakujua kamwe kama walikuwa nayo.

Munganga anazitambuaje? Anachukua vipande vya nyama kwa sindano (hiyo ndiyo biopsi), na vinaangaliwa kwa mikroskopi. Nyama inapewa namba ya Gleason. Namba 6 ni kanseri ya chini, yenye upole. Namba 8, 9 na 10 ni ya ukali. Namba 7 iko katikati, na hapo waganga wanafikiri sana. Wanaangalia tena damu: kipimo cha PSA. Mtu mwenye Gleason 6, PSA chini ya 10, na kanseri ikiwa bado ndani ya tezi, ndiye anayeweza kuchungwa.

JUU YA NINI TUSIPASUE MARA MOJA?

Kwa sababu kupasua kuna bei yake, wala sisemi bei ya falanga. Prostati iko karibu na mlango wa mkojo na mishipa ya nguvu za kiume. Baada ya kuitoa, wanaume wengine mkojo unawatoka bila wao kutaka, wanavaa kitambaa kama mtoto. Wengi wanapoteza nguvu ya kulala na bibi yao, wengine kwa muda, wengine kabisa. Kuchoma kwa miali nako kuna taabu zake za njia ya choo na za nguvu hizo hizo. Mama, jambo hili linakuhusu, na usione haya kulizungumza na munganga. Kama kanseri ni ya kuua, tunakubali taabu hizo ili mtu aishi. Lakini kama ni ile ya kulala, kwa nini tumharibu mtu mzima?

Huko Toronto, Kanada, waganga walianza kuchunga wanaume wa namna hii tangu 1995. Na Uingereza walifanya uchunguzi mkubwa: wanaume 1,643 wenye kanseri iliyokuwa bado ndani ya tezi waligawanywa mafungu matatu. Fungu moja walipasuliwa, fungu moja walichomwa kwa miali, fungu moja walichungwa. Matokeo ya miaka 15 yalitangazwa mwaka 2023. Katika wote, waliokufa kwa kanseri ya prostati walikuwa karibu 3 tu kwa kila watu 100, na mafungu matatu yalikaribiana. Ndiyo maana munganga wako hasemi uwongo akisema mnaweza kungojea.

Lakini nataka ujue na upande wa pili, maana hatufundishi nusu ya jambo. Katika fungu la kuchungwa, kanseri ilitoka nje ya tezi na kusambaa kwa watu karibu 9 kwa 100. Katika mafungu mengine ni karibu 5 kwa 100. Na wengi wa waliochungwa walikuja kutibiwa baadaye. Tena, karibu wanaume wote wa uchunguzi ule walikuwa Wazungu. Sisi watu weusi kanseri hii inatushika zaidi, na inawaua wanaume weusi zaidi. Kwa hiyo kwetu kuchunga kunawezekana, lakini kunataka jicho kali. Wale wa Uingereza, katika miaka ile, walichungwa hasa kwa damu. Leo tuna jicho lingine.

MASHINI YA IRM

IRM ni mashini kubwa kama pipa refu, na ndani yake kuna sumaku yenye nguvu sana. Siyo radio ya kifua, siyo skaneri. Haitumii miali ya X. Sumaku inatikisa maji yaliyo katika mwili, mashini inasikia mtikiso ule, na kompyuta inautengenezea picha. Kwa sababu kanseri imejaa chembe zilizosongamana, maji yake hayatembei kama ya nyama nzima, na pahali pale panaonekana kama doa.

Munganga wa picha anaipa kila alama namba kutoka 1 mpaka 5. Namba 1 na 2: haielekei kuwa kanseri yenye ukali. Namba 3: hajui bado. Namba 4 na 5: kuna doa la kutiliwa mashaka, lazima sindano iende pale pale. Hapo zamani sindano ya biopsi ilikuwa inachoma kama mtu anayetafuta kiazi gizani. Inaweza kupita kando ya doa. IRM inawasha taa.

Sasa tunarudi kwenye fishi, mama. IRM ya kwanza inafanywa mwanzoni, ili kuhakikisha sindano haikuacha kitu kikubwa. Ya pili inakuja kati ya mwezi wa 12 na wa 18. Na kazi kubwa ya ile ya pili ni kulinganishwa na ya kwanza. Doa lilikuwa milimita 6, leo ni ngapi? Lilikuwa katikati ya tezi, leo limegusa ngozi ya tezi? Waganga wana namba nyingine kwa kazi hiyo ya kulinganisha, nayo ni 1 mpaka 5: 1 na 2 doa limepungua, 3 limekaa vile vile, 4 na 5 limekua. Ukija na IRM ya pili bila ya kwanza, umeleta mtoto kwenye kilo bila fishi. Kwa hiyo omba diski ya picha, siyo karatasi ya maneno peke yake, na uiweke mbali na maji na watoto.

Tena ujue kwamba IRM haioni yote. Iko kanseri ambayo haitoi doa. Picha ikiwa safi, tunafurahi, lakini PSA inaendelea, na biopsi inaweza kurudiwa. Waganga wengi huirudia baada ya mwaka moja hivi, kisha kila miaka kadhaa.

KABLA YA KUINGIA NDANI YA MASHINI

Hapa usikilize vizuri. Sumaku inavuta chuma. Mkanda, funguo, saa, sarafu, simu, vyote vibaki nje. Lakini iko chuma kisichovuliwa. Katika mji wetu wanaume wengi walipigwa risasi ao vipande vya bomu, na wengine wanavyo mwilini mpaka leo. Chuma kikiwa karibu na jicho, na uti wa mgongo ao na mshipa mkubwa, sumaku inaweza kukisogeza. Hata fundi wa vyuma aliyerukiwa na unga wa chuma jichoni lazima aseme. Mwenye kifaa cha kupigisha moyo naye aseme. Wanaume hawapendi kueleza mambo ya vita mbele ya muuguzi kijana. Wewe, mama, unajua kovu liko wapi. Sema wewe. Watapiga radio kwanza, kisha watajua kama anaweza kuingia.

Kama baba ana ugonjwa wa figo, sema pia, sababu mara nyingine wanatia dawa ya rangi kwenye mshipa. Na kama amefanyiwa biopsi karibuni, waganga wanangoja majuma 6 ao 8, maana damu iliyobaki ndani ya tezi inadanganya picha.

Ndani ya mashini hakuna maumivu. Kuna kelele nyingi, kama mtu anapiga mabati. Analala bila kutikisika karibu nusu saa, pengine dakika 45. Wanapewa kitu cha kuziba masikio na kengele ya kubonyeza kama anaogopa. Mwenye kuogopa pahali pa kubana aseme mapema.

NJIA YA KUFIKA

Mashini hii ni ya bei kali na haiko kila pahali. Wengine wa hapa huvuka Ruzizi na kwenda mpaka Kigali, kwenye hospitali ya King Faisal, ambako IRM iko. Usianze safari bila karatasi ya munganga inayosema wazi "IRM ya prostati, kwa kuchunga", bila kuuliza bei kwanza kwa simu, na bila namba za PSA zote zilizopita. Tumeona watu wanafanya safari ya milima yote ile na kurudi na IRM ya kiuno ao ya mgongo, sababu karatasi haikuandikwa vizuri. Ni falanga iliyotupwa mtoni.

Na kama familia haiwezi IRM kabisa? Usiuze parseli kwa picha moja, na usikate tamaa. Kabla IRM haijaingia katika kazi hii, waganga walichunga kwa PSA, kwa kidole na kwa biopsi, na watu waliishi. Mwambie munganga ukweli wa mfuko wenu. Yeye atapanga: pengine biopsi ya kurudia itakuja mapema zaidi, pengine ataona kwamba kwa baba huyu ni afadhali kutibu kuliko kuchunga nusu nusu. Kitu kibaya ni kunyamaza na kupotea.

KALENDA YA BABA

Mwaka wa kwanza: PSA kila miezi 3 ao 4. Munganga anapima kwa kidole, kwa njia ya nyuma, angalau mara moja kwa mwaka. (Wanaume wanakimbia kidole kile kuliko wanavyokimbia kanseri. Mwambie ni nusu dakika, na wewe umezaa.) Kisha IRM kama tulivyosema. Kuanzia mwaka wa pili, kama yote yamelala, PSA kila miezi 6.

PSA nayo inadanganyika upesi. Siku mbili kabla ya kutoa damu, baba asilale na wewe, wala asikae juu ya kinga siku nzima, wala asifanye kazi ya kupita nguvu. Kama ana moto wa mkojo, atibiwe kwanza, na damu ichukuliwe baada ya majuma 6. Afadhali labo ile ile kila mara, maana labo mbili zinaweza kutoa namba mbili kwa damu moja. Na dawa zote zitajwe, hata majani ya kuchemsha. Iko dawa ya kupunguza prostati, finasteridi, inayoshusha PSA karibu nusu. Munganga asipojua kwamba baba anaimeza, atafurahia namba ya uwongo.

PSA moja iliyopanda siyo hukumu. Inarudiwa kwanza. Lakini PSA inayopanda mara kwa mara, doa linalokua kwenye IRM, ao namba ya Gleason iliyopanda kwenye biopsi mpya, hapo kuchunga kumekwisha na matibabu yanaanza. Na hapo ndipo faida ya kalenda: tunaikamata ikiwa bado ndani ya tezi. Kwa miali, Kigali ina mashini zake kwenye hospitali ya jeshi huko Kanombe tangu 2019.

Usingoje tarehe ya randevu kama mkojo umefunga kabisa, kama baba anakojoa damu, kama mgongo ao nyonga zinamuuma usiku na mchana, ao kama miguu imekosa nguvu. Hiyo ya miguu ni ya siku ile ile, hata usiku.

NA WATOTO WAKO WA KIUME

Mwanaume ambaye baba yake ao ndugu yake alipata kanseri ya prostati, hatari yake ni karibu mara mbili ya mwingine. Siyo kwa baba peke yake: katika jamaa zingine kuna mbegu ya kanseri ya ziwa inayopita kwa mama, na kwa mtoto wa kiume inaweza kutokea kama kanseri ya prostati. Kwa hiyo kama dada zako ao mama yako waliugua ziwa, mwambie munganga wa bwana yako hata kama haulizi kuhusu wewe, kwa ajili ya vijana wako. Wakifika miaka 45 waulize habari ya PSA.

Turudi kwa yule mama wa Kadutu na karatasi zilizo ndani ya sanduku. Atafute bahasha ngumu. Ndani yake aweke karatasi ya biopsi yenye namba ya Gleason, PSA zote zikiwa na tarehe na jina la labo, diski ya IRM, na karatasi ndogo yenye tarehe ya randevu inayofuata. Juu ya bahasha aandike jina la baba na mwaka wake wa kuzaliwa. Aiweke pamoja na fishi za watoto, sababu pale anajua hataipoteza. Na siku wakikuta munganga mpya, ampe bahasha kwanza, kabla mzee hajaanza kueleza.